Nataka mchoro wa hina mkononi, lakini rangi ya nywele iliwahi kunidhuru: naomba ushauri

Mulika (mwenye swali)

Habari zenu wajuzi. Kwa muda mrefu nimetamani kuwa na mchoro mkononi, unaoanzia juu ya kifundo na kupanda hadi karibu na kiwiko, lakini sijathubutu kuchorwa tatuu ya kudumu kwa sababu sina hakika kama mchoro nitakaoupenda leo nitaupenda pia baada ya miaka kumi. Nimeona kwamba hina inaweza kunionyesha jinsi mchoro huo utakavyokaa mwilini, bila sindano na bila kujifunga nao maisha yote.

Mchoraji niliyewasiliana naye ameniambia kwamba anazo hina za aina mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, ambayo hukaa mwilini saa kadhaa kabla ya kubanduliwa na huacha rangi ya kahawia. Ya pili ni nyeusi, ambayo hukauka ndani ya nusu saa na kuacha mistari mieusi kama wino, na hiyo ndiyo iliyonivutia kwa kuwa inafanana zaidi na tatuu yenyewe. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba niliwahi kupakwa rangi nyeusi ya nywele, na siku mbili baadaye ukingo wa nywele, kope na masikio vikaniwasha na kuvimba kiasi cha kunilazimu kutafuta matibabu. Nilipomweleza mchoraji jambo hilo alinijibu kwamba rangi ya nywele na hina ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwamba hina ni majani tu. Je, maelezo hayo ni ya kweli?

Ningependa pia kujua mchoro wa hina hudumu kwa muda gani kwenye sehemu hiyo ya mkono, kwa sababu baada ya miezi michache nitaanza kazi mahali ambapo michoro mwilini hairuhusiwi, na ikiwezekana kuuondoa mapema endapo utachelewa kufifia, naomba mnielekeze namna ya kufanya hivyo.

Koni Nyembamba

Ndugu Mulika, mimi ni mchoraji wa hina wa miaka mingi, na jibu langu kwa swali lako la kwanza ni fupi: usipakwe hiyo nyeusi, na wewe ndiwe wa mwisho katika watu wote ambaye angepaswa hata kuifikiria. Mchoraji wako amesema kweli kwamba hina ni majani, lakini amenyamaza juu ya kile kilichomo katika hiyo ya pili.

Majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa yana rangi iitwayo losoni, ambayo hushikamana na keratini, ile protini ngumu inayounda tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Rangi hiyo haiwezi kuwa nyeusi ndani ya nusu saa hata ukiikoroga kwa ustadi gani. Rojo likibanduliwa, alama inayobaki huwa ya rangi ya chungwa, tena hafifu kiasi kwamba mteja mgeni hudhani amepunjwa. Kisha huendelea kukolea yenyewe kwa kukutana na hewa, na baada ya saa 24 hadi 72 ndipo hufikia ukomo wake, ambao ni hudhurungi iliyoiva au, kwenye viganja na nyayo, rangi ya damu ya mzee. Anayekuahidi weusi wa papo hapo amechanganya kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni ileile rangi ya nywele iliyokudhuru, yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwa kifupi huandikwa PPD. Wengine hawatii hina hata chembe. Wanakoroga rangi ya nywele, wanaijaza kwenye koni, na kuiita hina nyeusi au piko.

Unaweza kuitambua hina safi kabla haijagusa ngozi yako. Rojo lake huwa na rangi ya kijani kilichochakaa au kahawia, si jeusi tititi. Hunukia kama nyasi kavu zilizoloweshwa, pamoja na harufu ya mafuta yaliyotiwa, na halinuki petroli wala dawa ya kusafishia brashi za rangi. Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni umri wa rojo hilo. Hina iliyokwisha kukorogwa hupoteza nguvu ndani ya siku chache ikiachwa kwenye joto la kawaida, ndiyo maana sisi huihifadhi kwenye friza, ambamo inaweza kukaa miezi kadhaa. Koni iliyokaa rafuni miezi sita na bado inatoa rangi kali lazima iwe na kitu kinachofanya kazi ambayo majani hayawezi kuifanya. (Nakiri kwamba nina kinyongo na koni hizo, kwa sababu kila wiki ninaletewa mtu anayetaka nimtolee rangi kama aliyoiona kwenye koni ya namna hiyo.)

Kuhusu namna ya kuitengeneza, mchoraji makini huanza na unga mpya uliochekechwa kwa kitambaa chembamba, kwa sababu nyuzi za majani huziba ncha ya koni na kuuharibu mstari. Unga hukorogwa kwa kimiminika chenye uchachu kidogo, kama vile maji ya limau, huongezwa sukari ili rojo lishikamane na ngozi na lisikauke upesi, kisha hutiwa mafuta ya mimea yanayosaidia rangi kukolea, kama vile lavenda au mkaratusi. Kwa gramu 100 za unga, mililita 30 za mafuta hutosha. Rojo hufunikwa na kuachwa litoe rangi yake, jambo ambalo huchukua kati ya saa 8 na 24 kutegemea joto la chumba na aina ya unga. Ukitaka kujua kama limeiva, weka tone dogo kwenye kiganja kwa dakika tano. Likiacha doa la chungwa linaloonekana wazi, liko tayari.

Likishapakwa, liache mwilini kwa saa sita hadi nane, na kama unaweza kulala nalo likiwa limefungwa kwa karatasi laini, ni vizuri zaidi. Libandue kwa kulikwangua, usilioshe, na mkono huo usiguse maji kwa muda wa saa 12 hadi 24, kwa sababu maji yakiingia mapema huizuia rangi isikolee vizuri. Watu wengi huitilia shaka hina yenyewe, kumbe waliiosha baada ya saa moja.

Kliniki ya Ngozi

Ninafanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya ngozi, na ningependa kuongeza maelezo juu ya mzio, kwa sababu historia aliyoieleza Mulika inabadilisha uzito wa swali lake.

Mzio wa PPD ni wa aina inayochelewa. Mtu anapokutana na kemikali hiyo mara ya kwanza huenda asione lolote, au aone madhara baada ya wiki moja au mbili, wakati kinga ya mwili imekwisha kuitambua na kuihesabu kuwa adui. Akikutana nayo tena, ngozi huitikia ndani ya siku moja hadi tatu, na kwa kawaida huitikia kwa ukali zaidi. Kuwashwa na kuvimba ukingo wa nywele, kope na masikio siku mbili baada ya kupaka rangi nyeusi ndiyo sura hasa ya mzio huo. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini hadi daktari atakapothibitisha vinginevyo, jichukulie kuwa ni mtu mwenye mzio wa PPD, na ujue kwamba mzio huu ukishajijenga kwa kawaida haumwachi mtu tena.

Tofauti kati ya rangi ya nywele na hiyo inayoitwa hina nyeusi ni kwamba ya pili ni hatari zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rangi ya nywele inapofika kichwani hairuhusiwi kuwa na zaidi ya asilimia 2 ya PPD, huoshwa baada ya muda mfupi, na matumizi yake ya kuchora ngozi hayaruhusiwi kabisa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani nayo haijaidhinisha PPD ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi. Hina nyeusi, kwa upande mwingine, hukorogwa kwa kukadiria, na vipimo vya maabara vimewahi kukuta ndani yake viwango vinavyozidi asilimia 10. Kisha hupakwa kwenye ngozi tupu na kuachwa ikauke hapohapo. Wagonjwa tunaowaona huwa na malengelenge yaliyofuata mistari ya mchoro kwa usahihi wa kusikitisha, na baada ya kupona wengine hubaki kwa miezi mingi na alama nyeupe, alama nyeusi au kovu lenye umbo la ua lilelile walilolitaka kwa wiki mbili.

Madhara hayaishii kwenye mchoro. Mtu aliyepata mzio huu anaweza kudhurika na rangi nyingi za nywele maisha yake yote, na huenda pia akaitikia baadhi ya rangi za nguo nyeusi, baadhi ya kemikali zinazotumika katika utengenezaji wa mpira, na baadhi ya dawa za ganzi za jamii ya benzokeini. Kwa hiyo nakushauri umwombe daktari wa ngozi akufanyie kipimo cha kubandika vibandiko mgongoni, ambacho husomwa baada ya siku kadhaa, na usijaribu kujipima mwenyewe kwa kupaka tone la hiyo nyeusi, kwa maana hata tone moja linaweza kukuongezea tatizo.

Hina safi ni habari nyingine. Mzio wa losoni hutokea kwa nadra, na kuwa na mzio wa PPD hakumaanishi kwamba hina itakudhuru, ingawa mafuta ya mimea yanayochanganywa humo yanaweza kuwasha ngozi nyepesi. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa mkono, uache kwa saa kadhaa kama utakavyoacha mchoro wenyewe, kisha usubiri siku tatu bila haraka. Usipakwe juu ya ngozi yenye mikwaruzo, ukurutu au iliyoungua kwa jua. Nitaje pia jambo moja ambalo halikuhusu wewe pengine, lakini huenda likamhusu msomaji mwingine: watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hasa watoto wachanga, wanaweza kupata uharibifu wa chembe nyekundu za damu kutokana na hina hata iliyo safi kabisa, kwa kuwa losoni hupenya kwenye ngozi. Mtoto mchanga asipakwe hina.

Mulika

Nawashukuru sana nyote wawili. Nilirudi kwa mchoraji na kumuuliza kwa adabu ni vitu gani vilivyomo katika hiyo nyeusi, naye akanijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara yake na kwamba hajawahi kupata malalamiko. Nimeamua kutoendelea naye, na nitaonana na daktari kuhusu kipimo.

Hata hivyo bado ninatamani mchoro wenye rangi nzito. Je, ipo njia ya asili ya kupata rangi inayokaribia nyeusi? Na je, mchoro ukisogezwa hadi mgongo wa mkono utakolea zaidi kuliko ukibaki chini ya kiwiko?

Penseli na Karatasi

Mimi huchora tatuu za kudumu na pia huwaandalia watu michoro ya muda kabla hawajakata shauri, kwa hiyo nitajibu hilo la rangi na la mahali.

Rangi ya asili inayokaribia nyeusi ipo, nayo ni jagua, inayotokana na maji ya tunda bichi la mti uitwao Genipa americana unaoota katika nchi za joto za Amerika. Ndani yake mna kemikali iitwayo jenipini, ambayo huungana na protini za ngozi na kutoa rangi ya buluu iliyokaribia weusi, na huo ndio mwonekano unaofanana zaidi na wino wa tatuu. Nayo pia huanza hafifu na kukolea kwa siku moja au mbili, kisha hudumu kwa muda wa wiki moja na nusu hadi mbili. Lakini usiichukue kuwa salama kwa sababu tu ni tunda. Wapo watu waliopata mzio wa jagua, na mtu mwenye ngozi yenye historia kama yako anapaswa kuijaribu kwa tone kwanza na kusubiri. Tena hakikisha kwamba ni jagua kweli, maana siku hizi jina hilo nalo limeanza kubandikwa kwenye koni za PPD.

Kuhusu mahali, hina hukolea zaidi pale ambapo tabaka la keratini ni nene. Viganja na nyayo huongoza kwa mbali, hufuatwa na vidole, mgongo wa mkono na kifundo, na kadiri unavyopanda kuelekea kiwiko ndivyo rangi inavyopungua. Mgongoni na tumboni hubaki kahawia nyepesi. Kwa mchoro ulioutaja, ningeweka maua mazito na sehemu zilizojazwa upande wa kifundo, kisha nikaacha mistari myembamba itawanyike kuelekea juu, ili upungufu wa rangi uonekane kuwa umekusudiwa.

Nina neno moja la kukupinga, ukiniruhusu. Kama lengo lako ni kujua tatuu itakaaje, basi rangi ndiyo jambo lisilo na uzito mkubwa. Kinachowafanya watu waijutie tatuu ni ukubwa wake, mahali ilipowekwa, na jinsi mchoro unavyopinda mkono unapozungushwa, na hayo yote hina ya kahawia inakuonyesha kikamilifu. Simama mbele ya kioo, kunja kiwiko, geuza kifundo, vaa nguo za mikono mifupi na mirefu, na utazame mchoro ukiwa umekaa nao wiki nzima. Na kama unataka kuuona weusi peke yake, chapa mchoro huo kwenye stika ya tatuu ya kubandika kwa maji, ambayo huondoka baada ya siku chache. Ila gundi yake nayo hujaribiwa kwanza kwenye ngozi nyepesi.

Koni Nyembamba

Nakubaliana na aliyetangulia isipokuwa kwenye jambo la kumwachia Mulika njia ya jagua. Kwa mtu ambaye bado hajafanyiwa kipimo, mimi ningeanza na hina tupu peke yake, na tena ningeikoroga kwa namna ya upole: maji ya kawaida au chai iliyopoa badala ya limau, mafuta ya lavenda kwa kiasi kidogo au yasiwepo kabisa. Rangi itakuwa nyepesi kidogo, lakini likitokea tatizo tutajua limetokana na nini. Ukichanganya vitu vitano kwa mara ya kwanza, huwezi kujua ni kipi kilichokuwasha.

Kuna pia ushauri unaoenea sana wa kupaka mchanganyiko wa limau na sukari juu ya hina iliyokauka. Lengo lake ni kuzuia rojo lisipukutike, na ukipakwa kwa pamba mara moja au mbili unafaa, lakini ukizidishwa huyeyusha mistari na kuichanganya, na kwa mchoro wenye mistari myembamba hasara yake ni kubwa. Joto linasaidia zaidi. Mkono uliofunikwa na kuwekwa mahali penye joto hukolea vizuri kuliko mkono wenye baridi uliopakwa limau mara kumi.

Sasa lile swali la muda, ambalo naona halijajibiwa. Mchoro hutoweka kwa sababu ngozi hupukutisha seli zake za juu siku zote, na hakuna dawa ya kuitoa losoni iliyokwisha kushikamana na keratini. Kinachowezekana ni kuharakisha kupukutika huko. Kwenye sehemu ya chini ya mkono tarajia siku saba hadi kumi na nne za rangi inayopendeza, kisha siku kadhaa za mabaka yasiyo na mpangilio, ambazo ndizo zinazokera, kwa sababu mchoro hauondoki wote kwa pamoja. Karibu na kifundo, ambako sabuni na maji hupita kila mara, utaanza kufifia mapema ingawa ndiko ulikokolea zaidi. Ukitaka udumu, paka mafuta ya nazi au ya zeituni kabla ya kuoga, usiusugue, epuka bwawa la kuogelea lenye klorini, na nyoa mkono siku moja kabla ya kuchorwa wala usinyoe baadaye. Siku ya kuchorwa ngozi iwe safi na isiwe na losheni yoyote.

Ukitaka uondoke, fanya kinyume cha hayo: loweka mkono katika maji ya vuguvugu, sugua taratibu kwa dodoki na sabuni, rudia kesho yake, na baada ya kila mara paka mafuta ili ngozi isichunike. Usikubali kutumia dawa ya kung'arishia nguo, hata iwe imezimuliwa. Inaunguza, na doa la hina lina faida ya kuondoka lenyewe ilhali alama ya kuungua haina. Kwa kuwa kazi yako inaanza baada ya miezi michache, chorwa angalau wiki nne kabla ya siku hiyo, na jaribio la tone ulifanye wiki moja kabla ya kuchorwa, baada ya kupata majibu ya daktari. Siku utakayokwenda kwa mchoraji mpya, mwombe akuonyeshe unga kabla ya koni, na umuulize aliukoroga lini na kwa kitu gani. Anayetumia hina safi atakujibu bila kusita, na pengine atakuchosha kwa maelezo.